Mieloma: mkojo safi na skani safi havitoshi

Dhana: Mieloma ni saratani ya mifupa.
Hapana, ni saratani ya damu. Huanzia kwenye seli za plazma, watengenezaji wa kingamwili ndani ya uboho. Seli hizo zikigeuka, huchochea seli zinazomega mfupa na papo hapo huzizuia zinazoujenga. Ndiyo maana skani ya mifupa ya teknishiamu (kemikali yenye mionzi), ambayo huonyesha mahali mfupa mpya unapojengwa, inaweza kutoka safi ilhali uti wa mgongo umejaa matundu. Agiza CT ya mwili mzima yenye mionzi kidogo, au MRI.

Dhana: Kijiti cha mkojo hakikuona protini, basi haipo.
Kijiti husoma hasa albumini. Minyororo myepesi, yaani vipande vidogo vya kingamwili, hukipita bila kukibadilisha rangi. Hata elektroforesi ya damu (kipimo kinachotenganisha protini kwa umeme), ikifanywa peke yake, huwakosa wengi ambao seli zao hutoa minyororo hiyo tu, nao ni kama 15–20% ya wagonjwa. Ongeza imunofiksesheni (kipimo kinachotambua aina ya kingamwili) na kipimo cha minyororo myepesi huru. Majibu yakisubiriwa, mgonjwa asipewe diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo (kosa la kila siku!): minyororo huziba mirija ya figo, na dawa hizo hupunguza damu inayofika huko.

Dhana: Ukiwa na protini ya M (kingamwili ya aina moja kutoka kundi moja la seli za plazma), tayari una saratani.
Ikiwa chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazma hazijafika 10% ya uboho na hakuna kiungo kilichoharibika, hufuatiliwa tu. Hali hiyo hugeuka saratani kwa takriban 1% ya watu walio nayo kila mwaka. Marekani, watu weusi huwa nayo mara mbili au zaidi kuliko wazungu.

Dhana: Uboho wowote unafaa kwa uchunguzi wa kromosomu.
Mvuto wa kwanza wa sindano ndio wenye seli; inayofuata huchanganyika na damu. Tena, seli za plazma zikiwa 5% tu, upungufu wa 17p (kipande cha kromosomu ya 17 kilichopotea) utamezwa na seli za kawaida zinazozizunguka. Seli za plazma zitenganishwe kwanza kwa shanga za sumaku zinazonasa CD138, alama iliyo juu ya seli hizo, mapema, kwa kuwa sampuli ikikaa, seli huanza kufa na kuipoteza alama hiyo.

Dhana: Seli za maabara zenye lebo ya mieloma ni mieloma.
IM-9 na ARH-77 zilitumika hivyo kwa miaka. Ni limfosaiti B zilizobadilishwa na virusi vya Epstein-Barr. RPMI 8226 na U266 ni za kweli, lakini hakiki alama zake za DNA kabla ya kuzigandisha.