Hekalu ni Ninyi: Onyo la Paulo Linalosomwa Vibaya

Paulo anapowaonya Wakorintho kwamba Mungu atamharibu mtu yeyote anayeliharibu hekalu lake (1 Wakorintho 3:17), wengi hudhani kwamba anamsema mvutaji wa sigara, mlevi au mtu aliyejiua. Dhana hiyo imerudiwa mara nyingi mno hata ikaonekana kuwa ndiyo maana ya mstari wenyewe. Ukweli ni kwamba Kigiriki kimetumia nafsi ya pili wingi, na msomaji wa Kiswahili hahitaji hata kujifunza Kigiriki ili alione hilo, kwa kuwa Biblia yake inasema “ninyi”, haisemi “wewe”. Kusanyiko zima, kwa pamoja, ni hekalu moja ambamo Roho wa Mungu anakaa. Mwili wa mwamini huitwa hekalu baadaye, katika 6:19, ambako hoja ni zinaa. Katika sura ya 3 hoja ni faraka, huyu akijiita wa Paulo na yule wa Apolo, na mwenye kuipasua jumuiya kwa ajili ya majina ya walimu ndiye anayebomoa makao ya Mungu.

Uzito wa neno “hekalu” hupotea kwetu kwa urahisi. Paulo alitumia neno la Kigiriki *naos*, yaani patakatifu penyewe, badala ya *hieron*, linalotaja eneo lote pamoja na nyua zake. Tena aliandika katikati ya miaka ya 50, hekalu la Yerusalemu likiwa bado limesimama, kwani Warumi walilibomoa mwaka 70. Kundi la watu wagomvi, lililokutana katika nyumba za kawaida, lilipewa jina hilo.

Katika sura hiyohiyo Paulo anawafananisha walimu wa kanisa na wajenzi, na wengine huchukulia kwamba kila mjenzi aliyekosea amehukumiwa kupotea. Paulo hasemi hivyo. Aliyejenga kwa miti, majani au mabua atapata hasara kazi yake ikiteketea, bali yeye mwenyewe ataokolewa, kama mtu aliyepita katika moto (3:15). Anayeharibu ametofautishwa na mjenzi huyo, na kitenzi kilekile cha kosa lake kinarudi kuwa adhabu yake: akiliharibu, ataharibiwa.

Ipo pia dhana, nayo naiona kuwa ya hatari zaidi, kwamba hukumu ni ya walio nje na kwamba watumishi wa kanisa hawapaswi kuhojiwa. Wanaoambiwa waangalie jinsi wanavyojenga ni hao hao wanaofundisha na kuongoza. Petro naye anaandika kwamba hukumu huanza katika nyumba ya Mungu (1 Petro 4:17), kauli inayokumbusha maono ya Ezekieli, ambamo watekelezaji wa hukumu waliagizwa kuanzia patakatifu, nao wakaanza na wazee waliokuwa mbele ya nyumba (Ezekieli 9:6).