Dawa ya Picha za Mionzi Haiwekwi Akiba: Dhana Potofu Zinazosikika Tanga

Mgonjwa wa Tanga anapopewa rufaa ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa picha ya mifupa kwa dawa ya mionzi, ndugu huuliza kwa nini dawa hiyo isiagizwe mapema ikawekwa kwenye jokofu la hospitali ya Bombo, Tanga, kama chanjo. Ukweli ni kwamba hakuna baridi inayozuia mionzi kupungua. Teknishiamu-99m, inayotumika zaidi duniani kwa picha za namna hii, hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo iliyotolewa leo asubuhi, kesho wakati kama huo imebaki sehemu moja tu ya 16.

Ndiyo maana kinachosafirishwa ni chanzo chake, molibdeni-99, ambayo hugeuka polepole kuwa teknishiamu na hupungua nusu kwa takriban saa 66. Hupatikana kwa kupasua viini vya urani katika vinu vya nyuklia vichache, kikiwemo SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kisha hutenganishwa na kunaswa kwenye chembe za alumina ndani ya mrija uliozungushiwa madini ya risasi. Hospitalini, mtaalamu huchomeka kichupa kisicho na hewa, nacho huvuta maji ya chumvi kupitia mrija huo: teknishiamu hutoka na maji, molibdeni hubaki. Maji hayo hupimwa kwanza, isije molibdeni ikaponyoka hadi kwenye mshipa wa mgonjwa, ndipo yachanganywe na kemikali inayoipeleka teknishiamu mifupani. Ni kazi ya umakini mkubwa, na inastahili kuaminiwa kuliko inavyoaminiwa.

Wanaohofia mlipuko watulie, kwani chombo hicho chenye mrija wa molibdeni hakibebi urani wala hakiwezi kulipuka kama bomu.

Tena si kila dawa ya mionzi huanzia kinuni. Florini-18 hutengenezwa kwa saiklotroni, mashine inayorusha protoni kwenye maji yenye oksijeni-18, nayo hupungua nusu kila dakika 110; ikitoka Dar es Salaam kwa gari la saa 5 na nusu, hufika Tanga imebaki sehemu moja ya nane.

Wapo pia wanaodai kuwa picha hii hunyonyoa nywele; hao huchanganya picha na tiba ya saratani, kwani kiasi kinachotumika kwenye picha ni kidogo mno kufanya hivyo. Sehemu kubwa ya dawa isiyoshika mifupani hutoka kwa mkojo, hivyo mgonjwa huambiwa anywe maji na kukojoa mara kwa mara, na mama mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya kuchomwa sindano.