Kidole Hakibadilishwi Kama Nywila

Fundi ujenzi aliyezoea saruji anakwenda kwa wakala kusajili laini. Anaweka dole gumba kwenye mashine, inagoma. Analifuta kwenye shati, anajaribu kidole cha shahada, inagoma tena. "Mzee, vidole vyako havisomi," anaambiwa, na foleni nyuma yake inaanza kuguna.

Tangu Tanzania ianze kusajili laini kwa alama za vidole Mei 2019, jambo hili si geni. Mashine husoma vituta vyembamba vya ngozi, hasa pale vinapokatika au kugawanyika, kisha hulinganisha na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Vituta hivyo huumbika mtoto akiwa bado tumboni, na hata pacha wa kufanana hawana alama moja. Lakini ngozi inaishi. Saruji huila, jembe huisugua, uzee huikausha. Hata dawa ya saratani iitwayo capecitabine inaweza kufuta alama kwa muda. Kwa hiyo mashine ikikataa, kilichoshindwa ni usomaji. Mtu ni yuleyule. Ofisi isiyo na njia nyingine ya kumhakiki imekosea yenyewe, na kwa maoni yangu haina haki ya kumrudisha mzee wa watu nyumbani.

Kuna upande wa pili, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Nywila ikiibwa unaweka nyingine. Kidole je? Mwaka 2015 Marekani ilikiri kwamba wadukuzi walichukua alama za vidole za watu milioni 5.6 kutoka ofisi inayosimamia watumishi wa serikali yake kuu. Watu hao wataishi na vidole vilevile.

Hapa jirani, mwaka 2023, maelfu ya watu walipanga foleni Nairobi, pale kwenye jumba la mikutano la KICC, wapigwe picha ya mboni za macho na kifaa cha Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali unaotambua watu kwa macho yao. Walipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya Shilingi 7,000 hivi za Kenya. Siwalaumu; njaa haisomi masharti. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huohuo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Ridhaa inayonunuliwa kwa zawadi ni ridhaa ya mashaka.

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inaziweka alama za mwili katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi. Basi mwajiri akileta mashine ya vidole ya mahudhurio, muulize: picha inatunzwa wapi, nani anaiona, nikiacha kazi inafutwa lini? Omba ajibu kwa maandishi. Akikuzungusha, malalamiko yapeleke Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.