Mfumo dume ni nini hasa?

Neno mfumo limetokana na kufuma, na dume ni umbo la ukubwa la neno mume. Maana yake ni jamii iliyofumwa hivi kwamba kauli ya mwisho juu ya ardhi, mali, watoto na hata mwili wa mwanamke iko kwa wanaume.

Wengi wakilisikia neno hili humfikiria mume mkali anayepiga. Lakini mume anaweza kuwa mpole miaka yote, halafu siku akizikwa ndugu zake wakamtoa mjane katika nyumba waliyojenga pamoja. Tanzania jambo hilo liliandikwa kabisa: tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema mjane hana fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, watoto wake ndio watamtunza. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kama wanaume wanavyoweza. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, lakini mila haikubadilika kwa siku moja.

Je, kwenye koo zinazofuata mama? Kwa Waluguru na Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi hupita huko. Hilo si dogo, maana mwanamke akiachika bado ana pa kulima. Hata hivyo, msemaji wa ukoo mara nyingi ni mjomba. Kufuata mama na kutawaliwa na mama ni mambo mawili.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni nyumba ntobhu ya Wakurya. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe wa mahari, akaoa mwanamke mdogo kwake. Hawalali pamoja kama mke na mume; huyo mdogo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya mwoaji. Wapo wanaoutaja kama ushahidi kwamba Afrika haikuujua mfumo dume. Kweli, mwoaji ameshika nafasi ya mume, na anaheshimiwa. Lakini kilichomsukuma ni kukosa mtoto wa kiume wa kurithi, na aliyeolewa, mara nyingi binti wa familia maskini, ng'ombe wamepokelewa na baba yake.