Mshahara wa kwanza haumfundishi kijana matumizi ya pesa

Wazazi wengi huamini kwamba kumkabidhi kijana wa miaka 14 pesa zake mwenyewe ni kumharibu, na kwamba atajua kuzitumia akishaajiriwa. Sivyo. Mshahara huleta pesa, hauleti mazoea ya kuzipangia. Mpe kiasi cha mwezi mzima kwa ajili ya simu na matembezi, na kikimwishia tarehe 20 usimwongezee (hapa ndipo huruma hutushinda wengi wetu), kwa sababu siku 10 za simu isiyo na salio humfundisha mapema kile ambacho mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ambao usipolipwa na riba ikajilimbikiza hugeuza deni la 100 kuwa takriban 314 baada ya mwaka, utamfundisha ukubwani kwa uchungu.