Hatujasema ngoma ya huxuan sio ya Wachina

Tangu tuanze hii kampeni ya michoro ya mapango ya Mogao kule Dunhuang, China, inboksi imejaa swali moja: mbona mnasema huxuan, ile ngoma ya kuzunguka, sio ya Wachina? Jamani, hatujasema hivyo. Tulichosema ni kwamba huxuan ililetwa na Wasogdi, watu wa pande za Samarkand huko Asia ya Kati, Wahan (kabila kubwa la Wachina) wakaipokea wakaicheza mpaka ikawa yao. Soma vizuri basi.

Ubishi wenyewe mshairi Bai Juyi wa enzi za Tang, nasaba ya wafalme wa China wa zamani, alishaumaliza: anamwambia binti aliyetoka magharibi kwamba umechoka bure na safari, wa kuicheza huku tunao tayari. Na ikulu ndo usiseme, An Lushan, jenerali mwenye damu ya Kisogdi na Kituruki, mnene balaa, lakini mbele ya mfalme Xuanzong anazunguka kama pia, halafu mwaka 755 huyo huyo akaasi na lawama zikaangukia ngoma, eti ndo ilimpumbaza mfalme. Kwa maoni yangu (sio ya ofisi) ngoma ilionewa.

Huko Mogao, pango namba 220, la mwaka 642, ukuta wa kaskazini, wapo wachezaji wanne, kila mmoja na kizulia chake cha duara, mitandio inapepea. Kizulia sio pambo, sharti miguu isitoke nje yake hata ukizunguka vipi. Rangi bado zinawaka kwa sababu zilifunikwa na michoro ya baadaye hadi miaka ya 1940.

Sasa utaratibu, maana hapa ndo mnatusumbua. Tiketi unakata mapema kwa jina lako na pasi ileile unayosafiria, unaingia na kundi lenye muongozaji, picha ndani ya pango marufuku, iwe na flashi iwe bila flashi, hata ile "moja tu ya statasi". 220 ni pango maalumu, linalipiwa kivyake. Na kuchora jina ukutani ni kuharibu: kifungu cha 324 cha sheria ya jinai ya China, ukiharibu kwa makusudi mambo ya kale yanayolindwa ni jela hadi miaka 3 au faini, au vyote viwili, kosa likiwa zito ni miaka 3 hadi 10 na faini juu. Usije kusema hukuambiwa.

Ukiikosa 220 nenda makumbusho ya mkoa wa Ningxia, mjini Yinchuan, ukaone milango ya mawe ya kaburi la kale la Yanchi: wamechongwa wanaume wawili wanaocheza, kila ubao na wake, nao wako juu ya vizulia.