Bima ya madaktari Saskatchewan: Woodrow Lloyd mnamsahau kwa nini?

Wanafunzi wangu wa uraia hapa Kanada, wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Kenya. Kila nikiwauliza nani alileta bima ya matibabu ya umma, jibu ni moja: Tommy Douglas. Nikitaja Woodrow Lloyd, kimya. Inanikera, kwa sababu aliyeifikisha bima hiyo kwa mgonjwa ni huyo wasiyemjua.

Tuangalie tarehe. Douglas, waziri kiongozi wa jimbo la Saskatchewan tangu 1944, alianzisha bima ya hospitali mwaka 1947, na katika uchaguzi wa 1960 akaahidi bima ya kuwalipa madaktari. Hilo sina ubishi nalo. Lakini Novemba 1961 aliondoka akaongoze chama kipya cha NDP katika siasa za taifa. Lloyd, aliyekuwa waziri wa fedha wa jimbo, akashika nafasi yake, na mwezi huohuo sheria ikapita. Ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 1962, madaktari wengi wa jimbo walifunga kliniki zao kuipinga. Mgomo ulichukua siku 23. Douglas wakati huo hakuwa hata mbunge: mwezi Juni wapiga kura wa Regina walikuwa wamemwangusha katika uchaguzi wa taifa.

Basi matusi, maandamano na vitisho vyote vilimwangukia Lloyd na baraza lake. Serikali ikatafuta madaktari Uingereza, ikamkaribisha Lord Taylor, daktari wa hukohuko, awe mpatanishi. Wananchi nao wakaanzisha kliniki za jamii. Ya Saskatoon ipo hadi leo. Tarehe 23 Julai mkataba ukatiwa saini. Lloyd alilegeza vipengele kadhaa, ila hakukubali bima iwe ya hiari. Ndiyo maana nawasisitizia: mkisoma sheria yoyote, tenganisheni aliyeiahidi, aliyeipitisha, na aliyekuwa ofisini siku ilipoanza kutekelezwa. Msipofanya hivyo, sifa zote zitamwendea mwenye jina kubwa.

Eti madaktari waligeuzwa waajiriwa wa serikali? Hapana. Walibaki na kliniki zao, wakilipwa kwa kila huduma.

Wengine hudhani Lloyd alikuwa waziri wa afya. Hakuwahi, wakati wa mgomo wizara hiyo ilikuwa ya William Davies. Lloyd alikuwa mwalimu, akaongoza wizara ya elimu kwa miaka 16, na humo alivunja maelfu ya vibodi vidogo vya shule vijijini akaviunganisha kuwa wilaya kubwa. Hakuomba ruhusa Ottawa, kwa serikali ya taifa, maana katiba ya 1867 inayapa majimbo mamlaka juu ya elimu. Waziri wa jimbo si msaidizi wa waziri wa taifa, jamani! Wala hapa mtu haachi ubunge akiteuliwa waziri, tofauti na ilivyo Kenya tangu katiba ya 2010. Lloyd aliingia bunge la jimbo kutoka eneo la Biggar mwaka 1944 na aliendelea kuwa mbunge muda wote wa uwaziri wake.

Na kushindwa kwake katika uchaguzi wa jimbo wa 1964 si ushahidi kwamba watu waliikataa bima. Kura za vyama viwili vikubwa zilikaribiana mno, na Ross Thatcher aliyemrithi hakuifuta. Miaka miwili baadaye Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuchangia gharama za bima kama hiyo katika majimbo mengine.